Mtihani wa piano wa binti yangu: tuliyoyaomba mapema, na yaliyobaki

Tangu Zuhura afanye mtihani wake wa Gredi ya Kwanza ya piano, wazazi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama kweli mtoto mwenye usonji anaweza kuketi mbele ya mtahini asiyemjua na akacheza mpaka mwisho. Anaweza. Ila jibu hilo peke yake halimfai mtu, maana kazi yenyewe haikufanyika siku ya mtihani. Ilifanyika miezi kadhaa kabla, kwenye barua na kwenye chumba cha mwalimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hatukuwa na wa kutueleza. Naandika ili mzazi wa hapa Mombasa, awe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, anayefikiria jambo hili asianze gizani kama sisi. Zuhura si jina lake, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea.

Muziki kwetu haukutoka mbali. Babu yake mzaa mama alipiga akodiani katika kikundi cha taarabu, na nyumba ile haikukosa nyimbo. Zuhura alichelewa kusema, lakini kabla hajaweza kuomba maji kwa maneno alikuwa akitafuta kwa kidole kimoja, kwenye kinanda kidogo cha betri, nyimbo alizozisikia kwa babu yake. Hakosei sauti. Ukimwimbia wimbo anaoujua kwa kuanzia juu kidogo au chini kidogo, anaziba masikio na kuondoka. Tulipomtafutia mwalimu hatukuwa na mtihani akilini. Tulitaka awe na kitu chake, na mtu mwingine nje ya nyumba anayemwelewa.

Mtihani uliletwa na kituo cha muziki alichoanzia. Huko kila mtoto huandikishwa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London iliyoanzishwa mwaka 1889, na wanafunzi wengi wa piano hapa kwetu hupimwa kwayo. Nilipouliza kama kuna haja ya kuwaeleza hali ya Zuhura, nikaambiwa hakuna haja, mtahini mwenyewe ataelewa akimwona. Mke wangu hakuridhika. Akauliza maswali mengine, na tukagundua kwamba fomu ilikwisha kutumwa bila neno lolote juu ya usonji, na kwamba Zuhura amepangiwa saa za mchana, nyuma ya foleni ndefu ya watoto, ukumbini. Tukamwondoa. Ada haikurudi, na ada hiyo ilizidi masomo ya mwezi mzima, ambayo wakati huo tulilipa shilingi 1,500 kwa kila kipindi cha nusu saa. Iliniuma, lakini najua ingeniuma zaidi kumwona mwanangu amejikunja chini ya meza ya watu wasiomjua.

Jambo la kwanza ninalowaambia wazazi ni hili: mtahini hawezi kukupa ambacho hakikuombwa kwa maandishi. Bodi ina utaratibu wake kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na maombi huenda pamoja na uandikishaji, kabla ya tarehe ya kufunga. Siku ya mtihani, msimamizi wa ukumbi hana mamlaka ya kubuni mipango mipya, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani. Ikiwa anayeandikisha ni mwalimu au kituo, omba uone kwa macho yako kilichotumwa. Usikubali kuambiwa tu kwamba kimetumwa.

Kabla ya kurudia safari hiyo tulibishana nyumbani, na sitaficha. Mke wangu alisema mtoto amekwisha kupimwa vya kutosha maishani mwake: na madaktari, na walimu, na kila jirani anayemtazama kwenye feri. Kwa nini tumtafutie kipimo kingine, tena cha kulipia? Shangazi yake naye aliuliza cheti hicho kitamfaa nini. Mimi nilikuwa na hamu ya cheti, nakiri, kwa sababu nimechoka kusikia orodha ya asiyoyaweza. Mwisho tuliona hamu yangu haitoshi kuwa sababu. Tukamuuliza yeye, kwa njia anayoiweza: kadi za picha, moja ya kucheza nyumbani, moja ya kumchezea mgeni anayeandika, moja ya kutocheza kabisa. Tulizipanga kwa mpangilio tofauti, siku tofauti, tusije tukamwongoza. Alirudi kwenye ile ya mgeni anayeandika. Anapenda mambo yenye mwanzo, hatua zinazojulikana na mwisho, na mtihani ukielezwa vizuri ni kitu cha namna hiyo.

Si kila mtoto atachagua hivyo, na hapo hakuna kilichoharibika. Wapo wanaonawiri zaidi kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lile la shule lililoanza mwaka 1927, ambako huimba na wenzao jukwaani na wanafunzi wenye mahitaji maalum wana madaraja yao. Zuhura, jukwaa la watu wengi lingemmaliza. Mtu mmoja chumbani anamweza.

Tulipata mwalimu mwingine, mama mmoja anayefundishia nyumbani kwake Tudor. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kusoma mtihani wenyewe kabla ya kuufundisha. Gredi za kawaida zina alama 150. Vipande vitatu vya muziki, kila kimoja alama 30. Skeli, yaani noti zinazopandishwa na kushushwa kwa mpangilio, alama 21. Kusoma noti usizowahi kuziona alama 21. Majaribio ya usikivu alama 18. Kupita ni 100, daraja la pili juu yake ni 120, na la juu kabisa ni 130. Jambo lililonishusha mabega ni kwamba si lazima upite kila sehemu: jumla ndiyo inayohesabiwa. Mtoto anayelemewa na sehemu moja anaweza kuibeba kwa nyingine. Tukajua mapema kwamba usikivu, pamoja na masikio yake yale makali, ndiyo itakuwa sehemu yake ngumu, kwa sababu humtaka ajibu maswali kwa mdomo na kuimba akifuatisha. Hatukuipigia kelele. Tulifanya kila lililowezekana, halafu tukaweka nguvu kwenye vipande.

Ipo pia njia ya pili, iliyoanza mwaka 2020, ya kurekodi video na kuituma. Humo hamna skeli wala usikivu wala kusoma noti ngeni. Ni vipande vinne, na alama 30 za mwisho zinatolewa kwa uchezaji mzima. Watu wengi hudhani hiyo ndiyo njia ya watoto wenye usonji, na kwa wengine ni kweli. Kijana wa rafiki yangu amefanikiwa nayo vizuri. Kwetu haikufaa. Video inatakiwa iwe moja, bila kukatwa, vipande vyote mfululizo. Zuhura wakati huo akikosea noti moja lazima arudi mwanzo, na akijua kamera inarekodi hurudi mwanzo hata asipokosea. Tukijumlisha na honi za matatu nje ya nyumba yetu, kila jaribio liliishia kwa machozi. Mjaribu mtoto wako njia zote mbili nyumbani kabla ya kulipa, usiamue kwa kusikia.

Tabia ya kurudi mwanzo mwalimu aliitibu kwa ufundi ambao nautaja popote ninapopata nafasi. Aliandika namba kwenye karatasi ya muziki, moja kila baada ya mistari michache, akazifanya vituo. Zuhura alijifunza kuanza kutoka kituo chochote: mwalimu anataja "tatu", yeye anaanza tatu. Kisha wakacheza mchezo wa kukosea kwa makusudi. Mwalimu anakosea katikati, anaruka hadi kituo kinachofuata, anaendelea. Zamu ya Zuhura ilipofika alikataa kwa majuma mengi, kwani kukosea kwa makusudi kulimtia hofu. Siku alipokubali alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kuanzia hapo kosa likawa na njia ya kutokea.

Sasa barua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa jina la hali yake na lugha ya ripoti. Mwalimu akaisoma, akaniuliza: "Baba Zuhura, mtahini akishasoma hii, afanye nini?" Hakukuwa na jibu humo. Tukaiandika upya tukieleza anachofanya Zuhura na tunachoomba, jambo kwa jambo. Kwamba hatazami mtu usoni, na hilo lisihesabiwe ukaidi. Kwamba anachukua maneno kama yalivyo: ukimuuliza kwa adabu kama angependa kuanza na skeli, atajibu hapana, kwa kuwa kweli hapendi skeli, na atakaa kimya akiamini shauri limekwisha. Kwa hiyo tuliomba aambiwe moja kwa moja, cheza skeli ya G kwa mkono wa kulia, na apewe muda wa kimya kabla ya kurudiwa. Tuliomba awe wa kwanza asubuhi, kabla ukumbi haujajaa. Tuliomba mwalimu wake awemo chumbani, mahali anapoonekana, bila kusema. Tuliomba muda wa ziada, na aguse piano kabla ya kuanza. Mpangilio wa sehemu za mtihani mtahiniwa huruhusiwa kuuchagua, lakini tuliuandika hata hivyo, vipande kwanza, ili pasiwe na swali la ghafla mlangoni.

Tuliambatisha ripoti ya tathmini. Asiye nayo aanzie kituo cha tathmini ya elimu cha serikali kilicho karibu naye, vile vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanza mwaka 1984, au kwa daktari wa watoto. Tathmini haipatikani kwa haraka, kwa hiyo ianze hata kabla hujajua kama mtihani utakuwepo. Ripoti hiyo hiyo itakufaa shuleni na kwingineko.

Na watu waelewe kwamba mipango hii haipunguzi mtihani. Vigezo vya alama ni vile vile kwa kila mtahiniwa, na hakuna alama ya huruma. Mtoto asiyeona anaweza kupewa jaribio jingine badala ya kusoma noti ngeni, au noti kwa breli; mwenye uoni hafifu hupata noti zilizokuzwa; mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, anaweza kutumia karatasi ya rangi. Kila mmoja bado atacheza na kupimwa. Niliwahi kuambiwa na mzazi mmoja, mbele ya Zuhura, kwamba mtoto wangu anapendelewa. Nilimweleza kwa upole, lakini nilitetemeka. Mtoto anasikia maneno hayo, hata akiwa amekupa mgongo.

Mazoezi ya siku yenyewe yalituchukua muda kuliko mazoezi ya muziki. Mwalimu aliwaomba majirani zake kwa zamu waje kuwa watahini: mzee mwenye miwani, dada mwenye sauti nyembamba, kijana wa chuo. Wote walipewa maneno ya kusema na penseli ya kuandikia. Penseli ndiyo iliyotufunza jambo. Mtahini huandika wakati mtoto anacheza, na mkwaruzo wa penseli kwenye karatasi ulimsimamisha Zuhura mara ya kwanza alipousikia. Laiti tungekutana nao siku ya mtihani tu! Tukaufanyia mazoezi kama skeli, kuanzia mbali, halafu karibu zaidi. Kwa noti ngeni, mtahiniwa ana nusu dakika ya kuzitazama na kujaribu sehemu yoyote kabla ya kupimwa. Zuhura alidhani nusu dakika hiyo ni ya kukaa kimya. Tulimfundisha kwa saa ya mchanga kwamba ni yake, aguse vitufe, ajaribu. Kwenye usikivu, ambako huimba akirudia alichosikia, alihitaji kujua kwamba uzuri wa sauti haupimwi. Anavumisha kwa pua, na inatosha.

Kisha piano yenyewe. Nyumbani tuna piano ya umeme ya mkono wa pili, yenye vitufe vizito, iliyotugharimu karibu shilingi 60,000 tulizozidunduliza. Haipotezi sauti yake. Piano ya mbao ukumbini ni kitu kingine, hasa Mombasa hii ambapo unyevu na chumvi ya bahari huila kila chenye waya na mbao. Ile ya ukumbi wa mtihani, noti zake zilikuwa zimeshuka chini kidogo. Mimi sikusikia chochote. Zuhura alibonyeza kitufe kimoja, akafunga mfuniko. Kwake kila noti ilikuwa inadanganya. Bahati ni kwamba tulikuwa tumekwenda mapema, siku kadhaa kabla, kwa ruhusa ya wenye ukumbi. Mwalimu hakubishana naye. Alimwambia hii ni piano ya chini, ina nyimbo zake, kisha akampa vipande vyake kwenye piano ya umeme ambayo noti zake alizishusha vivyo hivyo kwa kitufe cha kubadilishia, ili masikio yazoee. Kama mtoto wako ana masikio ya namna hiyo, kuitembelea piano ya mtihani si anasa. Angalia na feni ya dari, kama inagonga.

Kutoka kwetu Likoni hadi kisiwani, uliko ukumbi, kuna feri, na feri haina ahadi. Foleni, msongamano, honi, watu kubanana: akivuka asubuhi ya mtihani angefika amekwisha kuchoka. Tukalala kwa shangazi yake Tudor, yule yule aliyeuliza cheti cha nini, na alitupokea kwa mikono miwili. Zuhura alivaa nguo alizozizoea, zilizofuliwa mara nyingi, akabeba hedifoni zake na kadi zenye hatua za asubuhi: chai, gari, mlango, piano, mgeni anaandika, kwaheri. Mama mtu alizichora mwenyewe.

Mimi nilibaki nje. Nilisikia vipande vyote vitatu kupitia mlango, na katika cha pili nikasikia pengo, kisha muziki ukaendelea kutoka mbele. Kituo cha nne, nilizijua namba zote. Mwalimu alinisimulia yaliyobaki. Mtahini alikuwa ameisoma barua. Aliamuru kwa sentensi fupi na kusubiri. Kwenye usikivu lori lilipita likipiga honi, Zuhura akaziba masikio, na mtahini akangoja mpaka mikono iliposhuka, akaanza tena jaribio lile. Swali moja hakulijibu kabisa. Alipomaliza alisema "kwaheri" kabla ya kuambiwa, akatoka, kwa kuwa kadi ndivyo ilivyosema.

Hatukuwa tumejiandaa kwa saa zilizofuata. Ndugu walipika pilau, wakajaa sebuleni kumpongeza. Alijifungia bafuni mpaka magharibi, na baadaye hakugusa piano kwa majuma. Nguvu zote alizozitumia kujizuia asubuhi zilidai malipo yake. Panga siku tupu baada ya mtihani: hakuna wageni, hakuna simu za kumtaka aongee, hakuna "tuchezee kidogo". Pilau inaweza kusubiri.

Matokeo yalikuja 113. Vipande 22, 24 na 21, skeli 18, noti ngeni 17, usikivu 11, chini ya kiwango cha kupita cha sehemu hiyo, kama tulivyotarajia. Maoni ya mtahini yaliandikwa juu ya uchezaji wake tu, kama ya mtoto mwingine yeyote, na mke wangu aliyasoma kwa sauti jikoni akalia. Kwa mara ya kwanza tulishika karatasi inayomhusu Zuhura inayosema mkono wa kushoto uwe mwepesi zaidi, basi.

Amerudi kwenye piano, na kadi ya mgeni anayeandika ameichagua tena. Barua ya Gredi ya Pili naiandika sasa. Muda wa ziada tumeuondoa, hakuutumia. Nafasi ya kwanza asubuhi, maagizo ya moja kwa moja na mwalimu chumbani vinabaki. Nimeongeza ombi moja ambalo Zuhura mwenyewe alilionyesha kwa kidole kwenye mchoro: mtahini akae upande wa kulia, ili yeye asiione penseli inavyokwenda.